Mgeni Aseme Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona mlima. Niliripoti ofisi ya kampuni ya misafara ya skii kule Eden Prairie, Minnesota, nikakabidhiwa sepetu, na Kiongozi Mkuu akanipeleka nyuma ya maegesho kuchimba theluji iliyolala kando ya uzio. Alikuwa mama mkali, nami nilimpenda tangu siku hiyo. Alinionyesha kwamba theluji hulala kwa matabaka, kila dhoruba na lake, na kwamba tabaka la kuogopwa ni lile la chembe zisizoshikana, kama sukari. Likilemewa, yote ya juu huteleza. Hayo ndiyo maporomoko.

Nilikuwa msaidizi wake miaka mingi kwenye milima ya Montana. Tulikata nguzo ya theluji, tukaweka sepetu juu, tukaipiga kwa kiganja: kwanza kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kisha ya kiwiko, kisha ya bega. Nguzo ikikatika mapema, rudi nyumbani. Lakini kipimo si nabii. Kwa hiyo kabla ya kila mteremko aliuliza kila mtu kama tushuke, akianza na mgeni kabisa. Mmoja akikataa, wote wanageuka.

“Ukisema wewe kwanza,” aliniambia, “utasikia sauti yako tu mpaka jioni.”

Kwangu lilikuwa jambo gumu. Nimelelewa kumsubiri mkubwa anene.

Nilipopandishwa kuwa kiongozi, niliwapeleka Wakenya wenzangu wa kanisa letu la Champlin. Mzee wa kanisa alijifunza kuteleza kwa skii uzeeni, na mteremko tuliokusudia kuushuka alikuwa ameuota mwaka mzima. Nguzo yetu ilikatika kwenye mapigo ya kiwiko, yaani hali ya katikati. Nikamuuliza Nyambura, nesi, mdogo kuliko wote. Alikuwa ametembea wa mwisho. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amesikia theluji ikiguna na kushuka chini ya skii zake. Hiyo ni dalili ya tabaka la sukari kuvunjika.

“Mama Baraka, tume-drive kutoka Minnesota mpaka huku,” Mzee akasema, “halafu turudi juu ya kitu kasichana kamesikia?”

“Tunarudi, Mzee.”

Kumpinga mbele ya watu kuliniuma. Hakunisemesha mpaka tulipofika Champlin.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena milima, nami naitamani baridi yake. Vijana huniuliza nimeokoa wangapi. Sijui, anayegeuka mapema hapati hesabu hiyo. Mteremko ule haukuporomoka siku ile, na Mzee hunikumbusha kila harusi. Juzi alinikumbusha tena, mjukuu magotini, sahani ya pilau mkononi. Nilimwongezea nyama, nikamwacha anilaumu mpaka achoke.