Bibi na Choo cha Kuvuta pale Kanyenye

Enzi zetu pale Kanyenye, Tabora mjini, bomba lilianza kwa kukohoa. Nyumba nzima imelala kwa joto la mchana, mara ukutani unasikia khoo, khoo, halafu mluzi mwembamba, na kabla tone la kwanza halijadondoka watoto wa mtaa mzima tulishakuwa mbioni na ndoo tukipiga kelele, "Yanakujaaa!" Hakuna aliyeuliza ni nini kinachokuja. Kama una umri wangu na umekulia kule, najua na wewe uliwahi kuitelekeza sahani ya wali kwa ajili ya sauti ile.

Maji yenyewe yalianza na rangi ya chai ya maziwa, tukayaacha yapite, kisha yakatakata na kuwa ya baridi mpaka meno yanauma. Tulijaza kila kitu: madebe, masufuria, hata birika la wageni. Mama alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa kwenye kona ya sebule, na ole wako uchote humo kwa kata uliyoogea. Kuoga kwetu kulikuwa kwa kata hizo hizo, chache tu, na ulitoka unang'aa. Leo wanangu, hapa Dar es Salaam ninakoishi, wanaingia bafuni na simu, wanafungulia muziki, na nyimbo zinakwisha wao bado hawajapaka sabuni. Maji yakikatika wanakaa kwenye kochi kama wafiwa, kisha wananitumia ujumbe kutoka chumba cha pili: "Mama, maji hamna." Sasa mimi niyakohoe?

Choo chetu kilikuwa cha shimo, nyuma kabisa ya uwanja, unapita mpapai na banda la kuku ndipo unafika. Sisi watoto hatukuona taabu yoyote, ila wakati wa masika njia ile iliteleza kama bamia. Na ilikuwa masika pale Bibi, mama yake baba, alipoanguka akitoka kisimani huko kwao Puge, njia ya Nzega, alikokuwa akiishi peke yake tangu Babu afariki. Aliumia nyonga. Baba, aliyekuwa akifanya kazi karakana ya reli, akamfuata na kumleta mjini.

Tulifurahi kupita kiasi. Bibi alikuja na fimbo yake, kuku wawili, na kiroba cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo ukivitafuna na chai ya rangi unasahau kwamba duniani kuna mkate. Mimi aliniita mke mwenzangu. Asubuhi nilipomwambia "Shikamoo Bibi" alijifanya kiziwi mpaka nimsalimie na kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ndipo anipe marahaba yangu na kipande cha tobolwa kutoka kwenye khanga.

Baba alimwangalia akiburuta mguu kwenye utelezi ule kwenda nyuma na kurudi, akashindwa kuvumilia. Akaamua Bibi ajengewe choo cha ndani, cha kuvuta, chenye tangi juu na mnyororo wake. Mtaa wetu ulikuwa haujawahi kuona kitu hicho. Akaisafisha stoo iliyopakana na jiko, akamwita Fundi Kibwana.

Fundi Kibwana alikuwa Mzaramo wa Dar es Salaam, aliyefika Tabora kwa treni akiwa kijana, akaoa, akasahau kurudi. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupokewa kule. Na mtani, mwenye naye anajua: anakutukana mchana kweupe na huruhusiwi kukasirika. Hata hodi yake ilikuwa matusi. "Hodi kwa wabeba mizigo!" Akifunga bomba, mdomo haufungi. Alituhadithia kwamba kwao pwani bomba la chuma linatoka jasho kama mtu, chumvi inalitafuna mpaka linabaki kutu tupu, na mchana ukifungua maji ya baridi unaungua mkono. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Tulijua anatupiga fiksi.

Choo kikakamilika, cheupe kama sahani za Krismasi. Baba akamshika Bibi mkono akamwonyesha. Bibi akakitazama, akautazama mlango wa jiko, akarudi kukitazama tena.

"Mayu! Hapa ugali, hapa haja?"

"Ni cha kisasa, mama. Hakina harufu."

"Na mkwe wangu anasonga ugali hapo, ananisikia mpaka nikienda haja? Nimekukosea nini mwanangu?"

Alisema hatakanyaga ndani yake. Baba akambembeleza, Mama akamwapia kwamba atakuwa anaimba kwa sauti wakati wote, lakini wapi. Bibi akaendelea kuburuzika kwenye matope mpaka akateleza tena karibu na banda la kuku, na safari hii Baba akaja juu: njia ile sasa mwiko. Asubuhi yake tukakuta amefunga furushi lake, ameketi barazani, fimbo mapajani, anasubiri basi la kurudi Puge. Kule hakukuwa na mtu wa kumchotea hata kata moja. Mimi nililia waziwazi. Baba alisimama tu mlangoni na sare yake ya kazini, maana mama mzazi humkamati mkono ukamfungia ndani.

Ndipo akatokea Fundi Kibwana, aliyekuwa amekuja kukaza nati. Akalitazama furushi, akamtazama Bibi. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kile choo, akajifungia, na baada ya kitambo sauti ikatoka humo ndani kama ya muadhini.

"Nimehamia! Chumba kizuri hiki kimekosa mtu! Mwiteni mke wangu alete mkeka!"

Bibi akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mzaramo! We rudi zako Puge ukabebe mizigo. Choo cha kuvuta ni cha watu wa pwani, Mnyamwezi atakiweza wapi? Ataushika mnyororo akidhani anafunga mbuzi!"

Jamani. Bibi aliinuka pale barazani sijui kwa nyonga ya nani. Akapita jikoni, akaupokonya mwiko mkononi mwa Mama ukiwa na ugali wake, akaanza kuupiga mlango.

"Toka humo! Mvivu wa kulala chini ya minazi! Babu zangu wanafika kwenu na meno ya tembo mabegani, nyie hata kuamka hamjaamka! Mwanangu amejenga, ukae wewe?"

"Si umekikataa?"

"Nimekikataa nani kakwambia? Choo changu! Toka!"

Fundi Kibwana akatoka mbio ameshika kofia, ugali shingoni, anaomba radhi kwa Kizaramo. Bibi akaingia, akaubamiza mlango. Sote tulisimama jikoni tumetega masikio. Mara mnyororo ukalia, maji yakashuka kwa kishindo, na juu ya kishindo kile tukasikia kicheko cha Bibi, chembamba, cha kisichana. Akavuta tena. Akavuta mpaka tangi likaisha. Baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, aligeukia ukuta akawa anafuta macho kwa mkono wa sare, na furushi la Bibi akalirudisha chumbani yeye mwenyewe.

Basi Bibi akakitawala choo kile. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Wageni wakija kutoka Puge, kabla ya chai walipelekwa kwanza kuona maji yakishuka, na mzee mmoja wa kanisa la Moraviani alivua kofia. Bomba la mtaa likikauka, tulijaza tangi kwa ndoo, tukipanda juu ya kigoda, huku Bibi akisimamia: "Jaza, mke mwenzangu, asije yule Mzaramo akasema tumeshindwa." Alikaa nasi mpaka nikamaliza sekondari, na hakulala tena peke yake hata siku moja. Kila Fundi Kibwana alipopita alimtupia matusi mapya, naye Bibi akamrudishia chai na matobolwa.

Leo bomba la Kanyenye halikohoi tena, maji ya ziwa yameshafika, na mama yangu yuko pale pale katika nyumba ile, amebaki na msichana wa kumsaidia. Mimi huku Dar nina vyoo vitatu ndani ya nyumba, na nimegundua yule Mzaramo hakudanganya hata kidogo: mabomba yanatoka jasho, chumvi inayatafuna, na saa saba mchana maji ya baridi yanakuunguza. Fundi wa siku hizi ananitumia bei kwa simu, ananiita boss, anafanya kazi ameziba masikio kwa vidude vya muziki, anaondoka bila kujua mimi ni kabila gani. Hanitukani hata kidogo. Nasikia upweke nikimwona.

Kwa miaka nimekuwa nikimbembeleza Mama aje kukaa nami. Nimemsifia nyumba mpaka nimechoka: kuna feni, kuna vigae, kuna hiki na kile. Kila mara ananijibu kwa upole, "Asante mwanangu, nitaona." Wiki iliyopita sikuwa na hamu ya kusifia kitu. Nilimweleza ukweli kwamba bomba la jikoni limepasuka, bafu la chini limeziba, na fundi ananizungusha tu.

Akadakia: "Anakuzungusha? Kabila gani huyo?"

"Sijui. Nadhani Mzaramo."

"Aaa! Mzaramo?" Nikasikia anavuta kiti. "Sasa mbona siku zote hizo hukusema? Nakuja."

Anafika Jumamosi. Nimempigia fundi nikamsihi asiguse kitu chochote mpaka Jumatatu.