Maiti Iliyohema Shambani

Siku habari ilipofika, Peniel alikuwa anaisema ile maiti tena. Peniel ni dereva wa bodaboda pale Utemini, na mdomo wake hauna breki. Abiria wakikosekana hukaa kwenye kibaraza cha Severina, fundi cherehani, na hapo ukiacha mpira hadithi ni moja: Antipasi Mughwai. Mwana wa Ilongero, aliyewahi kutengeneza filamu za upelelezi hapahapa Singida, majambazi wamejificha kwenye majabali na askari wanapita katikati ya alizeti.

"Ile ya wezi wa ng'ombe nakubali," Peniel alisema. "Ile ya mganga aliyepotea nakubali, nililala taa inawaka. Lakini ile ya shambani? Mwanamke ameuawa, amelala kifudifudi, kafunikwa kitenge kichwani, askari wamemzunguka wanakuna vichwa, na mgongo wake unapanda, unashuka! Maiti inahema, jamani! Pale ndipo Mughwai alipoanguka, na hajainuka mpaka leo."

"Toka hapa!" Jenipher, muuza vitumbua wa jirani, alimjibu. "Mbona husemi ile ya askari mlevi? Pale hata walio hai hawakuigiza."

Wakacheka. Severina hakucheka. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, akiinamia suruali ya huyohuyo Peniel, maana mgongo ule uliokuwa unapanda na kushuka ulikuwa wake.

Pale kibarazani hakuna aliyejua. Wakati ule Antipasi alizunguka kijiji kizima cha Ilongero akitafuta mwanamke wa kulala maiti, akafukuzwa kila nyumba. Kwa watu wa kule huo si mchezo. Ukijilaza kama maiti, unakikaribisha kifo nyumbani. Severina alikuwa anazipenda mno filamu zake, akakubali, ila kwa sharti: uso ufunikwe, jina lisiandikwe, na asiambiwe mtu asiyekuwepo shambani. Hata mumewe, Edward, hakumwambia. Akalala katikati ya alizeti zilizokatwa, jua linachoma, vumbi linamwingia puani, akajibana pumzi asubuhi nzima. Mara moja tu ikamponyoka. Alijua imemponyoka, akajipa moyo kwamba hakuna atakayeona.

Nani hakuona! Kwenye banda la video watu walicheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Tajiri aliyekuwa anamdhamini Antipasi akajitoa kabla wiki haijaisha, akisema hawezi kuchekwa mjini. Tangu hapo mambo yakawa ya kubahatisha, filamu za haraka haraka, mwisho mtu mzima akaishia kushuti harusi na kipaimara. Severina alimshonea nguo za waigizaji bure, akampelekea unga wa uwele na kuku, na bado kila akikutana naye macho yalikuwa chini. Na Antipasi hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Wakiwa wawili tu humwita kwa utani, "Marehemu, hujambo?" Severina hucheka, kisha usiku halali.

Simu ya Jenipher ikalia. Akasikiliza, kitumbua kikamdondoka kwenye majivu.

"Mughwai amefariki."

"Mughwai yupi?" Peniel aliuliza, kana kwamba wako wengi.

Alianguka Ikungi, katikati ya harusi, kamera ikiwa begani. Hakuumwa, hakulalamika. Peniel alibaki mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza watu wa Utemini walimwona hana neno. Severina aliacha kukanyaga cherehani. Alikuwa na maneno ya kumwomba yule mtu msamaha, ameyatunza mpaka yamechakaa, na sasa hana wa kumpa.

Kesho yake wakaenda Ilongero kuzika: Severina na Jenipher wamepakizwa na Peniel, Edward kwa pikipiki nyingine. Turubai lilikuwa limejaa, na jeneza limewekwa mbele ya nyumba. Pembeni yake, juu ya kiti, amekaa Mazengo, amevaa kofia ya marehemu na kizibao chake chenye mifuko mingi. Mazengo ndiye aliyebeba kamera filamu zote za Antipasi, na zaidi ya hapo ukoo wake ni watani wa akina Mughwai. Msibani mtani ana ruhusa: atamwigiza marehemu, atasema lisilosemeka, na ole wake atakayenuna.

"Kata!" Mazengo alimfokea shangazi mmoja kwa sauti ya Antipasi mwenyewe. "Unalia kama umechelewa basi. Rudia!"

Shangazi akacheka huku machozi yanamtiririka, akarudia. Chini ya turubai mashabiki nao hawakutulia. Huyu anasema ya wezi wa ng'ombe ndiyo kilele, yule anasema ya mganga. Mwishowe Peniel, ulimi umemrudia, akapaza sauti: "Ewe marehemu, usizikwe hujatujibu! Ile maiti ya shambani ilihemaje?"

Watu wakaangua kicheko. Mazengo hakucheka.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Umekuja nayo kwenye bodaboda yako."

Peniel akageuka, akamtazama Jenipher, kisha akamtazama Severina, aliyekuwa ameinamisha uso. Ilikuwa kama mtu amemwagia turubai zima maji ya baridi. Severina alitamani ardhi ipasuke. Edward akainuka taratibu.

"Mke wangu? Wewe ulilala maiti?"

Kukana angeweza, uso haukuonekana. Lakini mbele ya jeneza lile alishindwa. Akasimama.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwangusha Antipasi. Nisameheni."

Mama mmoja akapiga yowe. Wengine wakashika vichwa. Hapo Mazengo akavua kofia ya marehemu, akaiweka juu ya jeneza, na kila mtu akaelewa kwamba utani umekwisha.

"Dada, nani kakwambia ulimwangusha? Picha ile tuliipiga mara nyingi, nyingine zote ulitulia kama jiwe. Tulikuwa na za kuchagua. Jioni tulipozitazama, akaona mgongo umepanda, akanishika mkono mpaka ukaniuma. 'Mazengo, hajafa,' akaniambia. 'Huyu mwanamke hajafa!' Akabadilisha hadithi yote. Akaichagua hiyohiyo, akaisogeza karibu makusudi, muione. Sehemu ya pili mwanamke anaamka."

"Loo!" Jenipher akaziba mdomo.

"Sisi tulidhani kakosea," Peniel alisema, sauti imekauka.

"Mlicheka. Tajiri akakimbia. Sehemu ya pili ikabaki kichwani mwake."

Severina hakusikia nafuu. Alisikia hasira, hasira ya kweli. Akalisogelea jeneza, akalipiga kwa kiganja.

"Antipasi! Unaniita marehemu unacheka, mimi nakufa kwa aibu, na wewe unajua? Neno moja tu lilikushinda?"

Waombolezaji wakashtuka. Si mtani huyu, anamgombezaje mfu? Edward akataka kumvuta, Mazengo akamzuia.

"Alisema ukijua utaigiza," Mazengo alimjibu kwa upole. "Alitaka siku ya kuamka, ushangae kwelikweli. Kila mavuno alisema, mwaka huu."

Severina akalishika jeneza, akakaa chini pale pale. Edward akaja kukaa karibu naye. Vijana wa kubeba walikuwa wamesogea, wanasubiri.

Peniel ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Hakuwa anatania tena. Alikuwa anauliza kama mtoto.

"Alipoamka, alikwenda kwa nani? Nani alitaka kumuua?"

Mazengo akatikisa kichwa. "Hakuniambia. Mimi nilibeba kamera tu."

Macho yote yakamgeukia Severina, maiti mwenyewe. Akafungua mdomo, akatafuta, akaona hana jibu. Wakamtazama mjane wa Antipasi, naye akajifunika kanga usoni. Basi turubai zima, waliompenda na waliomcheka, wakabaki wanalitazama lile jeneza, na Peniel, mwenye mdomo usio na breki, akaanza kulia kwa sauti mbele za watu wakati vijana wanainama kulibeba.