Maji ya Mboga

Fundi cherehani hakuwahi kuwa mtu wa subira, na majuma yale hata ile kidogo aliyokuwa nayo ilikuwa imemwishia. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, na nesi wa zahanati hakuwaficha: damu ya binti iko chini, vidonge peke yake havitoshi, na isipopanda kabla ya kujifungua, maisha yake yatakuwa hatarini. Fundi akaacha nguo za watu zimerundikana mezani, akahamia jikoni.

Balaa ni kwamba nyumba nzima ilikuwa imegeuka madaktari wa chakula. Bingwa wao alikuwa wifi yake, aliyeishi chumba cha nyuma na simu haimtoki mkononi.

"Wifi, mboga za siku hizi ni sumu tupu," alisema. "Mtoto wa kaka yangu ale zilizolimwa kwa samadi."

Fundi akazitafuta, akazipata kwa muuzaji mmoja mwenye maringo, kifungu chenyewe hakijazi kiganja. Siku ambazo za samadi zilikosekana, akanunua za kawaida, na hapo wifi akatoa masharti: katakata, loweka tangu asubuhi, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, mwaga tena. Fundi, aliyechoka kusemwa, akazifanyia hivyo zote, hata za samadi. Mayai na kuku wa kisasa vikapigwa marufuku.

"Mama, hii mboga haina ladha kabisa," binti alilalamika.

"Kula! Umekuja kuzaa, hukuja kuonja."

Walipokwenda kupima tena, damu ilikuwa imeshuka zaidi. Fundi aliwaka. Aliwashambulia wakulima, akaishambulia mbolea, akamalizia na yule muuzaji wa mboga za samadi, mwizi mkubwa. Nesi alimwacha ateme yote.

"Sasa mama, hizo mboga mnazipikaje?"

Fundi akaeleza kila hatua, hadi marufuku ya mayai, tena kwa kujigamba. Nesi akashika kichwa.

"Jamani, mama yangu! Zioshe vizuri kabla hujazikata, zipike kidogo tu, basi. Za samadi, za kawaida, zote zina chakula. Ninyi mnakimwaga na maji. Na hayo mayai mrudishieni binti ale!"

Njiani fundi alinunua mayai. Walipofika, walimkuta wifi amesimama nje ya mlango wa jikoni, pale fundi alipokuwa akimwagia maji ya sufuria kila siku. Ua lililokuwa limesinyaa wakati binti anawasili sasa lilikuwa limefika dirishani, majani mapana, ya kijani kibichi.

"Wifi, hili ua lako unalilisha nini?" aliuliza, akilishikashika. "Limenawiri!"

Fundi alimtazama binti yake, aliyeegemea ukuta akihema, midomo imempauka.

"Chakula cha mtoto wa kaka yako," alijibu, akampita kwenda kuchemsha mayai.