Mshenga Aliyekwenda Ngumbaru

Ukitaka kumjua Ikwap, ungekwenda kumtazama akiziba pancha. Mikono inafanya kazi, na mdomo nao haupumziki. Alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Busia, upande wa Uganda, na miaka ile ya sitini watu walivuka mpaka kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, kwa hiyo baiskeli za pande zote mbili zilimfikia. Tyubu imezama kwenye karai la maji, mapovu yanatoka, na Ikwap anamsimulia mwenye baiskeli habari za ng'ombe wa fulani na binti wa fulani, mpaka mtu anasahau kwamba alikuja mbio.

Mdomo huo ndio uliompa kazi ya pili, na hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi. Ikwap alikuwa mshenga. Kijana akitaka kuoa, kuanzia Busia hadi Tororo, aliambiwa: kamtafute Ikwap. Mvivu akipita kwenye mdomo wa Ikwap, anatoka akiwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo siku zote. Mlevi anatoka hajaonja hata tone tangu azaliwe. Mwenyewe alisema huo si uongo, ni adabu ya kazi. Nani amepeleka mbuzi sokoni akaanza kwa kutangaza kikohozi chake? Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, wahenga wamesema, na baba za wasichana, ee Mungu nisamehe, wengine ni nyoka kabisa.

Sasa mwaka wa sitini na nne, Opolot akaja kibandani amekunja uso. Opolot alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Ikwap. Ikwap ndiye aliyemlea, akamfundisha ufundi, naye alimwita baba.

"Baba, mambo yameharibika," akasema. "Mzee Ecweru amewafukuza washenga wawili. Anasema anayetaka kumchumbia binti yake Among alete mtu wa kujibu kwa Kizungu."

"Kizungu? Anamwoza binti huyo, au anaajiri karani?"

Opolot hakucheka. Akamweleza. Mzee Ecweru wa Osukuru alikuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Binti yake mkubwa, Adeke, aliolewa kwa mdomo wa mshenga mmoja aliyejua kuimba: kijana wetu hanywi, hagombani, hajui hata kuinua sauti. Mzee akakubali, ng'ombe wakaja, ng'ombe wakatumika kuwaolea kaka zake Adeke. Haukupita muda, Adeke akarudi nyumbani mkono umevunjika. Na kwa kuwa ng'ombe wa kurudisha hawakuwapo tena, baba yake akamrudisha yeye. Alimsindikiza kwa miguu yake mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule mume. Aliporudi mara ya pili uso haukutambulika, ndipo Mzee akauza kipande cha shamba, akanunua ng'ombe, akawarudisha, na binti akabaki nyumbani.

"Tangu hapo hasikilizi mshenga kwa Kiteso," Opolot akasema. "Anasema lugha yetu ni tamu mno, mtu anateleza ndani yake kama samaki. Mahakamani Wazungu waliuliza: mara ngapi? Na mtu alilazimika kuchagua jibu. Baba, nikimkosa Among, mimi sijui."

Ikwap alimtazama kijana, akaona machozi yako karibu. Wazee wa Kizungu cha kutosha walikuwapo Busia, lakini kwenda kumuazima mshenga wakati wewe ndiwe mshenga? Aibu gani hiyo! "Mavuno ya wimbi yakiisha tutakwenda," akasema. "Na nitajibu mimi."

Ndivyo Ikwap, mtu wa mvi, alivyokwenda ngumbaru. Darasa la watu wazima lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, jioni baada ya soko, na mwalimu alikuwa Benedeta, Msamia mwembamba asiyejua mzaha. Ikwap alimweleza shida yake: hataki kusoma kitabu kizima, anataka tu maneno ya kujibu "mara ngapi".

Benedeta akachora ngazi ubaoni. Kwenye kidato cha juu akaandika "always", siku zote. Chini yake "often", mara kwa mara. Katikati "sometimes", mara nyingine. Halafu "seldom", kwa nadra sana. Na chini kabisa, karibu na ardhi, "never", hata siku moja.

"Kila mtu aseme jambo lake," akaagiza, "na liwe la kweli. Mzee Ikwap, kanisani unakuja mara ngapi?"

"Always!" Ikwap akajibu kwa sauti ya harusi.

Darasa zima likaangua kicheko. Mama muuza samaki aliyekaa nyuma akapiga kelele, "Wewe? Tulikuona Krismasi, tena ulikuwa umefuata wali!"

Benedeta akaweka chaki kwenye "seldom". "Keti hapo, Mzee wangu, ndipo nyumbani kwako."

"Lakini Mwalimu," Ikwap akalalamika, "mshenga hawezi kukaa katikati ya ngazi! Kazi yetu ni juu kabisa au chini kabisa. Siku zote ni mzuri, hata siku moja si mbaya. Haya mengine ni ya nini?"

"Ni ya watu walio hai," Benedeta akasema, akafuta ubao.

Ikwap alinung'unika njia nzima. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wiki zile kila aliyeleta baiskeli alikoma. Hewa unajaza mara ngapi, bwana? Often? Acha, tairi hili linasema seldom! Mnyororo unautia mafuta? Never! Usinidanganye, naiona kutu hii! Watu walicheka, wakayashika maneno, na mchuuzi mmoja wa ndizi akaanza kuyatumia kuwasimanga wateja wake wasiolipa.

Nyumbani mkewe Alungat alimsikiliza akikariri, akaweka mwiko chini. "Baba Apendi, kunichotea maji mimi ni neno gani?"

Ikwap akakuna kichwa. "Seldom, mama."

"Na kula chakula changu?"

"Always."

"Ala! Basi hicho Kizungu ni kizuri," Alungat akasema. "Mwalimu huyo nimpelekee kuku."

Mavuno yakaisha. Ikwap akavaa koti lake jeusi, akaenda Osukuru na wazee wa ukoo, Opolot nyuma yao kimya, kwa kuwa bwana harusi siku hiyo hana mdomo. Walikaribishwa vizuri. Katikati ya uwanja kulikuwa na chungu cha ajono, pombe ya wimbi, na mirija mirefu imepangwa, lakini hakuna aliyepewa mrija. Mzee Ecweru aliketi na miwani yake, mkavu kabisa, kama yuko kazini.

Akaanza kwa Kizungu, polepole, akilipima kila neno. Kijana huenda kazini mara ngapi?

"Always," Ikwap akajibu. Na kweli, Opolot hakukosa kibandani.

Hugombana na watu?

Ikwap akakumbuka soko, siku Opolot alipomrushia mtu spana. "Seldom."

Hunywa?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wazee wa ukoo hawakujua Kizungu, lakini alama ya kunywa aliyoionyesha Mzee kwa mkono waliiona, wakatikisa vichwa wote pamoja: hapana, hapana, hapana! Neno la chini kabisa lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Ikwap. Lilikuwa na mazoea ya kutoka lenyewe. Akalizuia.

"Sometimes," akasema.

Mzee Ecweru alivua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akaivaa tena. Halafu akauliza lile swali ambalo kila mtu alijua linakuja, na sauti yake haikuwa ya mahakamani tena. Atampiga binti yangu?

Wakati huo mwanamke alitoka jikoni na birika la maji moto ya kuongeza chunguni. Alilibeba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikunjika pale kwenye kiwiko, ukakataa kunyooka. Ikwap hakuhitaji kuambiwa jina lake. Moyo ulimuuma, tena vibaya, kwa sababu aliwakumbuka wasichana wote aliowatoa kwa baba zao kwa neno lilelile moja, na hakuwahi kurudi kuuliza habari zao.

"Never," akasema.

"Umejuaje?" Mzee akauliza, bado kwa Kizungu.

Umejuaje! Nani anaujua moyo wa kijana? Ikwap alimjua Opolot tangu akitambaa, lakini hata yule mshenga wa Adeke huenda alimjua kijana wake. Akatafuta maneno, akayakuta machache mno, akayatumia hayohayo. "He beat," akasema na kuonyesha ngumi, "she come home. Cows, we ask never. Never!"

Upande wa wageni wazee wakatabasamu na kutikisa vichwa kukubali, kwa kuwa sauti ya Ikwap ilikuwa nzuri.

Adeke alikuwa bado amesimama kando ya chungu. "Baba," akasema kwa Kiteso, "huyu mgeni amesema nini?"

Mzee alikuwa amewatafsiria wezi na wauaji bila kukwama, lakini hapo alikwama. "Amesema," akaanza, akakohoa, "amesema kijana akimpiga mdogo wako, atarudi hapa, na wao hawatadai ng'ombe. Hata siku moja."

"Amesema kwa Kizungu," Adeke akasema. "Watu wake hawakusikia. Aseme tena kwa lugha yao."

Mwanamke kusema hivyo mbele ya wazee! Ikwap akahisi jasho likishuka ndani ya koti. Kwa Kizungu lilikuwa neno la ubaoni tu, na kesho angeweza kuapa kwamba hakulielewa. Kwa Kiteso lingekuwa la ukoo, na ng'ombe wake mwenyewe walikuwa ndani ya mahari ile.

Akasimama. Akalisema kwa Kiteso, lote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuimba.

Lo! Wazee wake waliruka kama wamekalia siafu. "Ikwap, umerogwa? Nani amekutuma? Ng'ombe wa ukoo unawagawa kama karanga?" Mmoja akamvuta koti aketi. Ikwap hakuketi. Opolot, aliyepaswa kutokuwa na mdomo, akasimama nyuma yake. "Baba amesema," akasema. "Na mimi nimesema." Kelele zikaendelea, kisha zikapungua, kwa kuwa hakuna mzee aliyetaka kuwa wa kwanza kudai, mbele ya mkono ule, kwamba ng'ombe ni bora.

Mzee Ecweru hakumtazama mshenga tena, wala hakuwatazama wazee. Alimgeukia binti yake mkubwa, akamwuliza kwa lugha yao, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakumwuliza siku ile alipomsindikiza.

"Adeke, mama yangu. Wewe unasemaje?"

Adeke aliweka birika chini. Akamtazama Opolot muda mrefu, akamtazama Ikwap na koti lake lililovutwa upande.

"Among aende," akasema.