Mtoto Ndani ya Kihenge

Ventorina alilisikia gari kabla hajaliona. Alikuwa uani akipepeta ufuta, na mjukuu wake Lakica, binti wa miaka sita, akimkimbiza kifaranga. Ungo ukamponyoka.

Juzi kisimani jirani yake Obwona, mtu asiyejua kuufunga mdomo, alimtania mbele ya watu. "Shemeji, wale wa shirika la malezi wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika watoto. Huyo wako mwenye alama ya fimbo pajani, watambeba! Na wewe watakubeba wakakulee upya."

Watu walicheka. Ventorina akacheka nao, lakini maneno yale hayakumtoka. Miaka ya vita alipita mtu na daftari, akaandika watoto wa kijiji kizima. Wiki haikuisha, waasi wakamchukua mwanawe wa kwanza, na mpaka leo hajarudi. Aliyesalimika ni binti yake, mama yake Lakica, ambaye sasa anauza nguo Juba. Alisalimika kwa sababu Ventorina alimtumbukiza kwenye kihenge cha mtama akamfunika.

Basi mikono ikakumbuka yenyewe. Akachukua mti wenye panda, akainua paa la kihenge upande mmoja, akamnyanyua mtoto.

"Usikohoe. Usiniite. Hata ukisikia ninalia, nyamaza."

"Bibi, humu kunanuka."

"Nyamaza, nimesema!" Akashusha paa.

Dereva alibaki garini; aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana, fulana ya kijani ya shirika, kalamu sikioni. Jina lake Lamaro. Alipiga magoti akasalimia vizuri, na hilo likazidi kumtisha Ventorina. Hata yule wa daftari alikuwa na adabu.

"Mjukuu yuko wapi, bibi?"

"Kwa majirani."

"Nitamsubiri kidogo." Akaketi mkekani, akaanza kueleza habari za moto wa wazazi kila Alhamisi, watu wakae wafundishane kulea. Moto wa jioni! Zamani kila boma liliuwasha bila kuambiwa na mtu, na mtoto alifundwa na kila aliyeuzunguka. Tuliuacha wenyewe ukafa. Sasa unaletwa kwa gari, na anayekuja kuuota anatia sahihi.

Ndani ya kihenge mtoto akakohoa. Ventorina akakohoa kwa nguvu amfunike.

"Pole, bibi. Kifua?"

"Vumbi tu."

Kikohozi cha pili kilitoka kidogo, kama cha paka. Cha tatu hakikuja. Ventorina alikodoa macho kwenye kihenge, kisha yakashuka penye ukuta wa jiko, na hapo akaliona kopo tupu. Dawa ya dumuzi, sumu ya wadudu wa nafaka. Jana yake tu aliimwaga yote juu ya mtama kwa mkono wake. Mama yake alihifadhi mtama kwa majivu, na mtoto aliyefichwa humo alitoka mweupe kama mzimu akachekwa, basi. Siku hizi majivu ni ushamba, kila mtu anataka cha dukani. Alikuwa amemficha mtoto kana kwamba kihenge bado ni cha majivu, kama cha mama yake, nacho hicho hakikuwepo tena.

Akiita, watu hawa watamchukua. Asipoita, itamchukua sumu.

"Bibi, mbona unakikodolea kihenge? Kuna nini?"

"Niinulieni paa lile!" alipiga kelele. "Mtoto yumo! Nimemuua!"

Lamaro na dereva walilitupa paa chini. Lakica alitolewa povu likimtoka mdomoni, machozi yakimbubujika, miguu ikimtetemeka. Wakamvua nguo, wakammwagia maji mtungi mzima, wakakimbiza gari zahanati.

Alichomwa sindano mara tatu. Alasiri ndipo alipofungua macho na kuuliza nani amemfungia kifaranga.

Lamaro akatoa karatasi. "Mlezi wake ni nani?"

"Mimi," Ventorina alisema. "Na fimbo ni mimi. Na kihenge ni mimi. Andika yote."

Kalamu ikatembea. Kila mstari ulimkata.

"Mnampeleka wapi?"

"Nani kakwambia tunampeleka?"

Hakuamini. Mganga alipowaruhusu wakapanda gari, naye akamshika Lakica kifundo cha mguu, akakibana mpaka mtoto akalalamika. Mbele kulikuwa na njia panda: kushoto mjini, kulia kijijini. Dereva akapunguza mwendo, akasubiri ng'ombe wapite. Ventorina alifumba macho. Akausikia mwili wake ukivutwa upande mmoja gari lilipokata kona, wala hakuthubutu kujua ni upi.

"Bibi, tumefika," Lakica alisema. "Kifaranga kile pale."

Ndipo akafumbua macho. Lakini kile kifundo hakukiachia, na Lamaro ilibidi awashushe wote wawili kwa pamoja.