Mwanangu Aliacha Gitaa Kabla Sijamsikia

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikaenda kuchuma kahawa na mama yangu huku Thika. Kwa hivyo mtu akiona nimeandika vibaya, anisamehe au aache kusoma.

Kitinda mimba wangu alikuwa mwanamuziki. Si wa kubahatisha, wa kujulikana. Alipiga mugithi, ile ya mtu mmoja na gitaa lake, watu wakishikana viuno na kuzunguka ukumbi kama gari la moshi. Watu wa Ruiru wamemsikia. Kimbo wamemsikia, Mwiki wamemsikia, na wanafunzi wa Kahawa Wendani waliimba nyimbo zake wakienda darasani. Mimi niliyemzaa sijawahi kukaa mbele yake nikamsikia akiimba hata mara moja.

Sikukosa kualikwa. Alikuja nyumbani Jumamosi moja, amevaa shati limenyooshwa vizuri.

"Maitu," akaniambia, maana kwetu mama ni maitu, "kesho mchana napiga Kimbo. Familia zinakuja na watoto. Nimekuwekea kiti."

"Kiti cha baa?"

"Ni kiti tu, maitu. Cha plastiki."

"Na watu wa kanisa wakiniona?"

"Wengi wao watakuwa hapo."

Nilimfukuza na mwiko. Nilikuwa mama wa kanisa, nina kitambaa cheupe cha kichwa, na singekanyaga mahali pombe inamwagwa chini kama maji ya kuoshea vyombo. Pia niseme ukweli mwingine: nilikuwa nimemkasirikia. Alikunywa. Mara moja aliletwa nyumbani kwa mkokoteni, amelala juu ya magunia ya viazi, kiatu kimoja hakipo. Mtu ukishaona mtoto wako hivyo, mambo ya viti vya plastiki hayakuingii.

Lakini masikio yangu hayakuwa na msimamo kama miguu. Kulikuwa na duka la nafaka karibu na soko, na mwenyewe alipenda nyimbo za mwanangu. Nikisikia moja imeanza kwa redio, nilisimama nikauliza bei ya maharagwe. Halafu bei ya njahi, yale maharagwe meusi. Halafu kama hiyo njahi ni ya mwaka huu. Wimbo ukiisha, nilienda zangu. Siku moja yule mwenye duka, aliyeniita cucu kama nyanya yake, akaniambia, "Cucu, leo uliza na ya mchele, huu ni mrefu." Nilikaa mwezi mzima bila kupita hapo.

Nilikuwa na mpango. Mwanangu angeokoka, angekuja kanisani na gitaa lake, nami ningekaa kiti cha mbele nisikie mpaka nishibe. Niliomba miaka mingi aache baa. Akaacha baa. Sikuwa nimesema katika yale maombi akiacha aende wapi.

Alikuja asubuhi moja katikati ya wiki, bila gitaa, na kofia nyeupe kichwani. Nilidhani ni baridi.

"Maitu, nimesilimu."

"Umefanya nini?"

"Nimekuwa Mwislamu."

Nikaketi. Akanieleza kwamba alikuwa amepanga chumba Ruiru karibu na msikiti. Kila alfajiri yeye akirudi kutoka kwa kazi yake, miguu haishikani, alikutana na wazee wakienda kuswali. Mmoja wao, fundi wa viatu, alikuwa akimsalimia na kumuuliza kama amekunywa chai.

"Hata mimi nilikuwa nakupa chai," nikamwambia.

"Wewe ulikuwa unauliza kwanza nimetoka wapi."

Hilo lilikuwa kweli. Aliniambia hajagusa pombe tangu siku aliyosilimu, na gitaa amempa mwenzake wa kazi ile. Ameanza kuuza mabomba na mifereji kwa duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwangalia macho. Yalikuwa meupe, kama ya mtoto aliyelala vizuri.

Kanisani habari ilifika kabla yangu. Mwenzangu mmoja alinishika mkono baada ya ibada, akasema, "Pole. Heri angebaki kwa baa, tungemwombea atoke."

"Alipokuwa huko ulimwombea lini?" nikamuuliza. Tangu siku hiyo hunisalimia kwa mbali.

Nilizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ule unyamavu. Redio zikapata vijana wapya, yule mwenye nafaka akahamia kwa mtoto wake, na nyimbo za mwanangu zikatoka sokoni kama msimu wa maembe ukiisha. Kisha sikio langu la kushoto likafa. Daktari akaangalia la kulia, akasema nalo linaelekea huko huko. Hapo nikaona siwezi kungoja tena. Nikampigia simu nikamwambia aje Jumapili.

Nilimchinjia kuku. Nilimkata mwenyewe asubuhi, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikamchemsha polepole maana hakuwa mchanga. Mwanangu akanawa, akakaa, akaangalia sufuria.

"Nani alichinja?"

"Kwani umeona mfanyakazi hapa?"

Akajipakulia mukimo tu, vile viazi nilivyoponda na mahindi. "Maitu, siwezi kumla. Nyama ninayokula lazima ichinjwe na Mwislamu."

"Na nyama ya bucha unakula?"

"Nakula. Kule kichinjioni wanaochinja ni Waislamu."

"Kwa hivyo kisu cha mtu hata humjui ni safi, na changu kilichokulea ni kichafu."

"Sijasema ni kichafu."

"Umesema na mukimo."

Alicheka akiwa ameinamisha kichwa. Mimi sikucheka. Wimbo niliotaka kuomba nikaumeza siku hiyo, na kuku akaliwa kwa jirani.

Nilikaa wiki tatu nikimkasirikia, nikachoka. Nikampigia tena. Safari hiyo nilimwacha kuku mzima, nikamfunga mguu kwa kamba mlangoni, nikanoa kisu, na mwanangu alipofika nikampa kabla hajaketi. Alikiangalia, akaniangalia mimi. Akauliza upande wa Maka ni upi kutoka kwa choo chetu, akajijibu mwenyewe kwa kutazama jua. Alipoinama na yule kuku alisema maneno machache kwa Kiarabu. Sauti yake ilishuka kidogo pale katikati, vile ilivyokuwa ikishuka kwa redio. Niligeuza kichwa nisikie vizuri, lakini yalikuwa yameisha.

Tukakaa kwa stuli mbili na karai la maji ya moto, tukinyonyoa.

"Niimbie," nikasema.

"Wimbo gani?"

"Ule wa mwanamke wa Mwiki aliyekukataa."

Mikono yake ikasimama. "Unaujua?"

"Mpaka ubeti wa tatu."

"Ulisikilizia wapi na hukuwahi kuja?"

"Dukani. Nikijifanya nanunua maharagwe."

"Miaka hiyo yote nilijua hutaki kunisikia."

"Nilitaka. Sikutaka ujue."

Nikamwambia habari ya sikio. Nikamwambia pia aimbe bila gitaa, kwamba nimemuuliza yule mama Mwislamu anayeuza leso na amesema hakuna dhambi mtu kumwimbia mamake.

"Si mambo ya dhambi, maitu." Alikuwa na manyoya hadi kwenye viwiko. "Ule wimbo niliuimba miaka kumi na miwili na glasi iko hapa kando. Nikiuanza, koo linajua kinachofuata. Juzi niliusikia kwa simu ya mtu, nikatembea hadi mlango wa baa. Nilisimama hapo. Sikuingia, lakini nilisimama." Akapangusa uso kwa bega. "Ukiniambia niimbe, nitaimba. Kwa sababu ni wewe."

Alimaanisha. Hata alikuwa ameanza kusafisha koo.

Nilikuwa nimengoja huo wimbo kuliko nilivyowahi kungoja mvua. Nilimwona tena akilini kwa ule mkokoteni, na kile kiatu kimoja. Nikaona pia kwamba akiimba vizuri, nitaomba wa pili. Najijua.

"Hayo manyoya ya bawa unayaacha," nikamwambia. "Vuta vizuri."

Akaniangalia, akaelewa, akavuta. Baadaye akaanza kunieleza mambo ya Ruiru, maji yanayokatwa katikati ya wiki, mpangaji mwenzake aliyefuga sungura ndani ya chumba. Alizungumza kwa sauti kubwa ili nipate yote. Wimbo bado nautaka, sitadanganya mtu. Lakini kuku aliiva, na mwanangu akala mapaja yote mawili.