Redio Inayomngoja Mwenyewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kama ni kucheka, chekeni mkimaliza. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini najua kwa nini sweta la nailoni halikaribii mkebe wa mjukuu wangu.

Nimemlea mimi hapa Elburgon tangu anatambaa. Alipomaliza kusomea mambo ya umeme Nakuru, redio yangu ilikuwa imekufa. Akasema, "Shosho, sikununulii nyingine. Tutaiunda, mimi na wewe." Akaja na vipande vyenye miguu kama ya siafu, kila kimoja ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja, Shosho! Utaviua."

"Kwani mkono wangu una sumu?"

"Una stima."

"Mimi ni nguzo ya stima?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Ukivua sweta asubuhi, si unasikia likilia ta-ta-ta? Hiyo ndiyo stima yenyewe. Wewe haikudhuru. Hiki kinaungua ndani, na nje kinabaki kizuri tu." Akanipeleka uani, akanishikisha mfereji wa maji, wa chuma, ambao bomba lake limezama ardhini. Akasema ukitaka kuvigusa, sweta vua kwanza, ushike hapo stima ishuke ardhini, halafu ufanyie kazi juu ya meza ya mbao isiyo na kitambaa.

Hatukuvigusa. Kazi ya ng'ambo ilimwita wiki hiyo hiyo. Akavitia kwenye mkebe, akasema, "Viache kwa mifuko yao, Shosho. Nikirudi tutaanza." Krismasi zimekuja zikaenda. Kwa simu namsikia, lakini kile kicheko cha kukaa chini sijakisikia tena.

Januari hii, upepo ukiwa mkavu wa kupasua midomo, mke wa mwanangu alikuwa akitayarisha nyumba kwa wageni wa chama. Mnajua vile sisi hufunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma: viti, meza, hata televisheni. Nilimkuta na sweta lake la nailoni, ametandika kitambaa juu ya kabati, mkebe wazi, makasi mkononi.

"Mum, hii mifuko inakaa kama takataka. Wacha nitoe hivi vitu nivipange, wageni wavione."

"Weka chini."

"Lakini Mum, vinakaa tu. Nani anajua atarudi lini?"

Nilivua sweta langu, nikaenda kushika mfereji mpaka vidole vikafa ganzi, nikarudi nikakagua mfuko mmoja mmoja. Hakuna uliokuwa umekatwa. Nikapapasa mmoja kwa nje, nikasikia ile miguu midogo. Nikakaa nao hivyo kitambo, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Wageni walipoondoka niliita nyumba yote. Nikawaambia: "Huu mkebe haufunguliwi mpaka aje mwenyewe. Na ile meza ya mbao, kitambaa kitoeni leo, kisirudi. Iacheni wazi. Asije akakuta hatukumtayarishia."